Anza na ngozi ya kichwa: kwa wanaoingia katika violesura vya ubongo na kompyuta

Anayeingia katika kazi hii, ya kuifanya kompyuta isome umeme wa ubongo na kuugeuza kuwa amri, aghalabu hutaka kuanza na programu, nami nilikuwa hivyo hivyo. Lakini umeme wa ubongo unaofika juu ya ngozi ni wa makumi ya maikrovolti tu, kwa hiyo nywele zilizosukwa zikiinyanyua kidogo elektrodi, yaani kidude kinachounasa umeme huo, au jasho likitiririka chini ya kofia inayozishika elektrodi, unachokirekodi si ubongo tena. Mombasa mwezi wa Februari jasho halipuuziki: huonekana kwenye skrini kama mstari unaopanda na kushuka polepole. Ukiwasha pangaboi ili mgonjwa apoe, waya zinapeperuka na kuongeza vurugu juu ya ule mvumo wa hezi 50 wa umeme wa ukutani. Siku hizi nazifunga waya pamoja kwa utepe begani, na wanaosuka nywele nawaomba mapema waache njia wazi, zisizo na mafuta, mahali pa elektrodi.

Kosa langu kubwa lilikuwa la taya. Tulikuwa na mzee aliyepooza mkono wa kulia kwa kiharusi, aliyeletwa na binti yake kutoka Likoni kwa feri. Alitakiwa awaze kwamba anakunjua vidole vya mkono huo. Mtu akiwaza hivyo, mdundo wa hezi 8 hadi 13 juu ya eneo la mkono, upande wa kushoto wa kichwa, hufifia, na kompyuta ikiubaini mfifio huo huamuru kifaa kisisimue misuli kwa umeme hadi kiganja kifunguke. Kwa wiki mbili matokeo yalipanda, nikafurahi, mpaka binti aliponiuliza, "Ndugu yangu, mbona baba akiambiwa awaze huuma meno?" Programu, iliyofunzwa kutofautisha kuwaza na kupumzika, ilikuwa imejifunza umeme wa misuli ya taya, si wa ubongo. Hilo si kosa dogo, kwa kuwa tiba hii hutegemea nia ya kusogeza mkono ikutane papo hapo na hisia ya mkono unaosogea; nia isipokuwepo, tunachezesha misuli tu. Tangu siku hiyo hubandika elektrodi moja shavuni, na huutazama uso kabla ya skrini.

Katika mawasiliano, wengi wetu huanza na jedwali la herufi la watafiti Farwell na Donchin, lililochapishwa mwaka 1988: safu zake humulikwa kwa zamu, na ubongo hujibu takriban milisekunde 300 baada ya herufi inayosubiriwa kumulikwa. Jibu moja ni dhaifu, hivyo mmuliko hurudiwa mara nyingi, na kila herufi ina gharama yake. Msikatishwe tamaa na habari za Marekani, ambako mwaka 2021 mtu aliyewaza kuandika kwa mkono alifikisha herufi 90 kwa dakika. Elektrodi zake zilipandikizwa ndani ya ubongo.

Jambo ambalo sikufundishwa ni kwamba Kiswahili hakina haja ya Q wala X. Kwa mama mmoja asiyeweza kusema, familia ilitaka visanduku hivyo viwe "maji" na "naumwa". Tulivijaza hivyo, naye akavipita vyote viwili, akawa kila alasiri anatunga neno lile lile la herufi saba, moja baada ya nyingine: nigeuze. Tukalihamishia kwenye kisanduku cha Q.