Barua kwa Mwanangu Kuhusu Gharama za Talaka

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako tumeipokea, mimi na mama yako, na nimeisoma zaidi ya mara moja kabla ya kushika kalamu. Hukuniuliza kama uachane na mumeo au uendelee naye. Hilo limekwisha kuzungumzwa na wazee wa pande zote mbili, nami sitalirudia. Umeuliza jambo moja tu: talaka itakugharimu kiasi gani, na fedha hizo utazitoa wapi ilhali mshahara ulio nao ndio huo huo unaolipa ada za watoto. Kwa kuwa nilikuwa karani wa mahakama mpaka nilipostaafu, nitakujibu kwa yale yaliyokuwa yakipita mezani pangu.

Ada ya kufungulia shauri ni sehemu ndogo kuliko zote, na hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi mwa karani. (Atakayekuambia umpe yeye fedha taslimu ili akusukumie jalada, mwache hapo alipo.) Kinachokula fedha ni ugomvi unaorefusha shauri. Kila shauri linapopigwa kalenda, yaani kuahirishwa, unapoteza siku ya kazi, unalipa nauli, unawalisha mashahidi uliowaleta bure, na kama una wakili anayetoza kwa kila anaposimama mahakamani, unamlipa hata siku ambayo kilichosomwa ni tarehe nyingine tu. Namkumbuka mume mmoja na mkewe waliokubaliana kuhusu watoto na nyumba, wakabaki wakivutana juu ya friji na seti ya makochi. Walivutana hivyo hadi nauli za mashahidi peke yake zikatosha kununua friji jipya. Kwa hiyo kabla hujadai kitu, jiulize kitauzwa shilingi ngapi leo, kwa hali kilivyo, kisha ulinganishe na tarehe mbili tatu za mahakama.

Hatua ya kwanza ni Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 hairuhusu, isipokuwa katika hali chache maalumu, kupeleka maombi ya talaka mahakamani kabla baraza halijajaribu kuwapatanisha na kuthibitisha kwa hati kwamba limeshindwa. Kwa kuwa ndoa yenu ni ya kanisani, mnaweza kuanzia kwenye baraza la kanisa, lakini mkumbuke kwamba baraza halitoi talaka. Talaka hutolewa na mahakama. Hati hiyo isiwe imepitisha miezi 6 tangu itolewe hadi siku unapofungua shauri. Usiichukulie kuwa karatasi ya kukamilisha jalada tu. Yapo mashauri yaliyosikilizwa mpaka hukumu, mali ikagawanywa, kisha katika rufaa mwenendo wote ukafutwa kwa sababu hati ya baraza haikuwapo au haikuwa halali, na wahusika wakarudi kuanza moja, wakiwa wamekwisha kuuza mbuzi na kukopa kwa ndugu.

Kuhusu mahakama, sheria inakupa nafasi ya kuchagua: Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka ya kusikiliza shauri la ndoa. Kwa hali yenu ningeanzia Mahakama ya Mwanzo, iliyo karibu nawe, ambako wengi hujisimamia wenyewe. Ukiona unahitaji wakili, mtafute jina lake kwanza katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, maana vishoka, wale wanaojifanya mawakili, hawajaisha, kisha mwandikiane mkataba unaosema ada inahusu shauri zima au kila hatua, na nani atalipia nakala na usafiri. Ukishindwa kumudu, msaada wa kisheria upo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2017. Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake na Chama cha Wanasheria Wanawake wamewasaidia wengi, na kwenda kwao si aibu. Usitegemee sana kwamba mumeo ataamriwa kukurudishia gharama, kwani katika mashauri ya ndoa mahakama mara nyingi huagiza kila upande ubebe zake.

Sasa nyumba, ambayo najua ndiyo inayokunyima usingizi. Kiwanja alikinunua kabla hajakuoa, na hati ina jina lake peke yake. Hapo sheria huanza kwa kudhani kwamba ni mali yake. Lakini kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, ikiwamo ile ambayo mmoja alikuwa nayo kabla ya ndoa ikaendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au na wote wawili. Kiwanja kilikuwa na msingi na kozi chache za matofali, nawe ulichukua mkopo wa SACCOS, chama chenu cha akiba na mikopo, ukaezeka bati na kuweka madirisha. Na hata kama usingetoa shilingi, tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Rufaa yake mwenyewe haikumpatia kitu kwa sababu nyingine za shauri lake, lakini kanuni ilibaki. Usisikilize wanaosema utapata nusu kwa nusu. Mahakama hutazama ukubwa wa mchango, na mchango unathibitishwa.

Kwa hiyo fungua lile bahasha la kaki ulilonionyesha Krismasi. Risiti za dukani zilizochapwa kwa mashine hufifia. Zile za bati na saruji nyingine zilikuwa zimeanza kugeuka nyeupe, basi zitolee nakala wiki hii. Chukua pia taarifa ya mkopo kutoka SACCOS, taarifa ya benki, na miamala ya simu uliyomlipa fundi. Ukihofia kwamba mumeo anaweza kuiuza nyumba, sheria hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila ridhaa ya mwenzi, nawe unaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Hiyo ni gharama ninayokushauri uitoe mapema.

Usisahau kwamba madeni nayo huingia katika hesabu. Mahakama hutazama madeni yaliyokopwa kwa manufaa ya wote wawili, hivyo mkopo wa bati si mzigo wako peke yako, ingawa makato yanatoka kwenye mshahara wako. Deni la kikundi ulilochukua kwa biashara yako ya vitenge ni suala jingine, na nakusihi usilichanganye humo.

Kwa watoto, mdogo hajatimiza miaka 7, na sheria huchukulia kwamba mtoto wa umri huo ni heri akae na mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa. Wajibu wa matunzo ni wa baba hata watoto wakikaa kwako. Usiende kuomba “matunzo” kwa jumla. Andika kwa mwezi: ada, sare, nauli ya gari la shule, chakula, dawa za pumu za mkubwa. Hakimu hawezi kukadiria asichokiona.

Njia iliyo nafuu kuliko zote ni nyinyi wawili kukaa na kuandikiana makubaliano juu ya mali na matunzo, kisha mahakama iyapokee na kuyaingiza katika amri yake. Mumeo ni mkaidi, lakini si mjinga wa hesabu. Mwonyeshe orodha ya gharama hizi, naye aone kwamba zinatoka mifuko yote miwili.

Hesabu pia kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, kwa kuwa wenye nyumba wengi bado wanadai malipo ya mkupuo, na kadi ya bima ya afya, kwani wewe unatibiwa kwa uanachama wake. Ulizia kazini namna ya kujiandikisha kwa jina lako kabla amri haijatoka. Kodi ya miezi ya mwanzo tutakusaidia mimi na mama yako. Ada ya wakili utaanza wewe, nasi tutaongezea baada ya mavuno ya mpunga. Ukija, njoo na lile bahasha na nakala ya cheti cha ndoa, tukae mezani tuzipange risiti kwa miaka.

Ni mimi baba yako.