Safari ya usiku kwa baiskeli kutoka Masasi hadi baharini

Ndugu yangu, umeuliza kama kundi lenu la watu kumi na wawili linaweza kuondoka Masasi jioni kwa baiskeli na kuliona jua likichomoza Mikindani. Njia hiyo inakaribia kilomita 200, na kwa mwendo wa gizani wa kilomita 15 kwa saa mtakesha na bado mchana utawakuta njiani. Hivyo nawasihi mpakie baiskeli kwenye lori hadi njia panda ya Mnazi Mmoja, muanzie hapo saa tano usiku.

Chagueni usiku wa mwezi mpevu, wakati wa kiangazi, kabla malori ya korosho hayajajaa barabarani kuelekea bandari ya Mtwara. Mwendo aupange aliye dhaifu kuliko wote, naye fundi akae mwisho na pampu, spana na viraka. Mkiziba pancha, subirini gundi ikauke hadi isinate kidoleni ndipo mbandike kiraka. Sisi tuliharakisha, tukaziba tairi lile lile mara tatu. Asiye na taa nyekundu nyuma asiondoke, hata akiwa rafiki yenu wa karibu.