Beki hukomaa polepole: ninachowaambia vijana wanaokatwa kwenye majaribio

Kila msimu wa majaribio ukiisha, hunijia kijana wa aina ileile. Ana miaka 18 au 19, anacheza namba 4 au 5, yaani beki wa kati, amekatwa na timu aliyoiwekea matumaini yote, na anataka kujua kitu kimoja: kocha, niendelee au niache? Nimecheza beki wa kati kwa miaka mingi hapa Tanga, zaidi kwenye ligi ya mkoa, na sasa nafundisha vijana nyakati za jioni. Jibu langu halibadiliki. Kama bado una hamu ya kukaba, endelea, lakini nenda mahali utakapocheza kila wiki. Usikubali kwenda kusugua benchi kwa sababu tu timu ina jina na jezi nzuri.

Mtu ninayewatajia ni Dan Burn wa Newcastle United. Wengi wao wanamjua kwa urefu tu, maana ana mita 2.01 na kwenye runinga anaonekana amewapita wenzake kichwa kizima. Wanadhani urefu ndio uliomfikisha alipo. Mimi nawaambia wautazame mwendo wake mwaka hadi mwaka, kwa sababu ule mwendo ndio wenye faida kwa kijana aliyekatwa.

Burn alizaliwa Mei 1992 katika mji mdogo wa pwani unaoitwa Blyth, kaskazini mashariki mwa Uingereza, si mbali na Newcastle. Newcastle, timu ya nyumbani kwao aliyoipenda tangu utotoni, ilikuwa naye kwenye akademi yake na ikamwacha akiwa bado mtoto. Alipokuwa na miaka 13 akapoteza kidole cha pete cha mkono wa kulia baada ya kunasa kwenye uzio. Akacheza timu za vijana za huko huko Blyth, kisha akachukuliwa na Darlington, klabu ndogo iliyokuwa daraja la nne. Mwaka 2009 akaichezea timu ya wakubwa akiwa na miaka 17. Msimu ulipoisha, Darlington ikashuka hadi daraja la tano. Katika miaka hiyo ya mwanzo alikuwa pia na kazi kwenye duka kubwa la Asda, akikusanya na kusukuma vile vikapu vya magurudumu vinavyoachwa na wateja nje.

Hapo nataka kijana anayenisikiliza asimame kidogo. Ana miaka 18, timu ya utotoni ilishamkataa, yuko daraja la tano la Uingereza. Wenzake wa umri ule waliobaki kwenye akademi kubwa tayari wana mikataba na mawakala. Ukimuuliza mtu yeyote siku ile nani kati yao ataitwa timu ya taifa, jina la Burn lisingetajwa. Ila alikuwa na kitu ambacho wengi wao hawakuwa nacho: kila Jumamosi alikuwa anakabana na watu wazima, na matokeo yana maana, na akikosea kuna mtu anapoteza posho ya ushindi.

Mwaka 2011 Fulham wakamsajili. Ligi Kuu hiyo, lakini hawakumtupa uwanjani siku ya kwanza. Msimu wa 2012/13 wakampeleka kwa mkopo Yeovil Town, daraja la tatu. Yeovil wakafika fainali ya mchujo wa kupanda daraja pale Wembley, Mei 2013, wakawafunga Brentford 2-1, na moja ya mabao hayo alifunga yeye. Baadaye akaenda Birmingham City kwa mkopo tena. Aliporudi Fulham alionja Ligi Kuu kwa muda, na mwaka 2014 klabu ikashuka. Mwaka 2016 akahamia Wigan, na mwaka uliofuata nao wakashuka hadi daraja la tatu. Hakukimbia. Februari 2018 alikuwa kwenye ukuta wa Wigan ile ya daraja la tatu iliyoitoa Manchester City kwenye Kombe la FA kwa bao 1-0, City ileile ya kocha Guardiola iliyomaliza ligi na pointi 100. Msimu ukaisha Wigan wakiwa mabingwa wa daraja lao.

Brighton wakamchukua mwaka huo huo, wakamwacha Wigan hadi Januari 2019. Mechi zake za Ligi Kuu akiwa Brighton zilianza Agosti 2019, kwa hiyo alipoanza kucheza ligi hiyo kwa uhakika alikuwa na miaka 27. Newcastle, walewale waliomwacha utotoni, walimnunua Januari 2022, akiwa na miaka 29, wakati timu iko kwenye nafasi tatu za mkiani. Machi 2025, kocha mpya wa England, Thomas Tuchel, alipotangaza kikosi chake cha kwanza, jina la Burn lilikuwemo kwa mara ya kwanza. Miaka 32.

Sisemi kila beki aliyekatwa atafika huko. Ninachosema ni kwamba beki wa kati hukomaa polepole, na nina sababu za kusema hivyo ambazo nimeziona kwa macho yangu na kwa mwili wangu. Winga wa miaka 18 mwenye mbio anaweza kukuamulia mechi leo hii, maana akipoteza mpira mara tano na kufaulu mara moja, amefanya kazi yake. Beki akifaulu mara tano na kukosea mara moja, bao limeingia. Kazi yake kubwa ni kuchagua: nitoke nimfuate mshambuliaji anayeshuka chini kuchukua mpira, au nibaki? Nipande kuweka mtego wa kuotea, au nirudi nyuma? Nimkabe mtu, au nilinde nafasi? Uamuzi wa namna hiyo hauji kwa kuelezwa ubaoni. Unakuja kwa kukutana na hali ileile mara nyingi, kwenye mechi za kweli, na washambuliaji wa kila aina.

Walionifundisha mimi kukaba walikuwa washambuliaji watu wazima wa ligi ya mkoa. Mbio zilishawaisha, lakini ujanja ulikuwa umebaki. Mtu anakusogelea, anakugusa na mgongo, anasikiliza umeegemea upande gani, halafu anageukia upande wa pili. Mwingine haugusi mpira dakika 70, unamsahau, kona moja tu anakuchomoka. Kijana wa akademi anayecheza na wa rika lake tu hakutani na watu hawa mpaka siku anapopandishwa timu ya wakubwa, na siku hiyo anaonekana hajui kitu. Kwa hiyo kijana wangu, ukipata timu ya mkoa inayokupanga kila wiki, na upande wa pili kuna timu ya daraja la juu inayotaka uvae kizibao cha wachezaji wa akiba na kukaa nje mwaka mzima, nenda mkoani. Nenda kwa moyo mmoja. Kushuka daraja moja ili ucheze si aibu. Burn amecheza kila daraja kati ya matano ya juu ya Uingereza, na si kwa mpangilio wa kupanda tu.

Sharti moja tu naliweka: unapokwenda, uulize nani anafundisha. Kuna timu unacheza kila wiki lakini hakuna anayekusahihisha, na makosa yanageuka kuwa tabia. Tafuta kocha, au hata mchezaji mkubwa mmoja, atakayekuambia ukweli baada ya mechi.

Jambo jingine ni nafasi. Vijana wengi wananiambia, "Kocha, mimi ni namba 5 tu." Burn ni beki wa kati, lakini Brighton walimtumia pia upande wa kushoto, na Newcastle msimu wa 2022/23 alicheza namba 3 karibu msimu mzima. Mtu wa mita mbili, beki wa pembeni! Wengi walisema mawinga wenye kasi watamchoma. Kilichofanyika ni hiki: Kieran Trippier alikuwa akipanda sana kulia, na Burn akabaki nyuma kushoto, akisogea ndani karibu na Sven Botman na Fabian Schär, wakawa kama mabeki watatu. Hakushindana mbio na winga. Alimpa nafasi ya hatua mbili, akamwelekeza pembeni, akaisubiri krosi aondoe kwa kichwa. Newcastle walifungwa mabao 33 katika mechi 38, sawa na mabingwa Manchester City, hakuna aliyefungwa machache zaidi, wakamaliza wa nne na kurudi Ligi ya Mabingwa.

Nikiwa na kijana beki wa kati anayetumia mguu wa kushoto, lazima nimfundishe namba 3. Anayetumia kulia, namba 2. Hata kama hatapenda. Kocha akiwa na majeruhi wawili anamtazama yule anayeweza kuziba, na ukishaingia uwanjani kazi ya kukutoa ni ya mwenzako.

Sasa mipira ya juu, na hapa naomba nikae kidogo maana ndipo ninapoona uzembe mwingi. Machi 16, 2025, ilikuwa Ramadhani, tumeshafuturu, kibanda cha mpira kimejaa, fainali ya Kombe la Ligi kati ya Newcastle na Liverpool ikaanza saa moja na nusu usiku. Karibu na mapumziko Trippier akachonga kona. Mabeki warefu wa Liverpool walijipanga karibu na goli lao, wakilinda eneo. Burn hakwenda kusukumana nao. Alibaki mbali, huko nyuma, na aliyekuwa naye ni Alexis Mac Allister, kiungo mfupi waliyewahi kucheza pamoja Brighton. Mpira ukaenda kule kule alipo. Akausogelea kwa kasi, akaurukia, akauelekeza chini kwenye kona ya mbali. Alexander Isak akaongeza la pili, Liverpool wakapata moja mwishoni, ikaisha 2-1. Newcastle hawakuwa wamechukua kombe la ndani ya Uingereza tangu 1955. Siku tano baadaye Burn akaanza mechi yake ya kwanza ya England dhidi ya Albania, kwenye uwanja uleule wa Wembley.

Urefu ulisaidia, ndiyo. Lakini warefu wa Liverpool nao walikuwepo. Bao lile lilitokana na mahali aliposimama na mwendo wa kuufuata mpira. Anayeruka akitokea mbio humshinda anayeruka akiwa amesimama, hata kama aliyesimama ni mrefu zaidi. Nawazoesha vijana hatua tatu au nne za mwendo, kuruka kwa mguu mmoja, mikono ikitumika kujiinua bila kumpiga mtu kiwiko, macho wazi hadi mpira unagusa paji la uso. Ukishambulia goli, upige kuelekea chini. Ukiokoa, upige juu, mbali, na pembeni. Mara nyingi tunafanya mwendo tu bila mpira, au mpira unarushwa kwa mkono. Sipendi vijana kupigishwa vichwa vya mipira mirefu mazoezi mazima. Chama cha soka cha England kilielekeza mwaka 2020 kwamba watoto wa U-11 kushuka chini wasifundishwe kupiga vichwa mazoezini, na tangu 2021 hata wachezaji wa kulipwa wanashauriwa vichwa vya mipira yenye nguvu visizidi 10 kwa wiki, kwa ajili ya kulinda ubongo. Sisi hatuna madaktari wa kutosha viwanjani. Tuna sababu kubwa zaidi ya kuwa waangalifu.

Kuhusu kazi na shule sina maneno mengi. Somea fundi, maliza kidato chako, endesha bodaboda kama ndiyo inayopatikana, mradi ratiba ikuachie mazoezi. Stuart Pearce, beki wa kushoto aliyeichezea England mechi 78, alikuwa fundi umeme akichezea timu ya madaraja ya chini hadi alipokaribia miaka 22, na hata alipofika Nottingham Forest aliwahi kutangaza kazi zake za umeme kwenye jarida la mechi la klabu. Kijana mwenye kipato chake hasaini mkataba wowote unaowekwa mezani kwa sababu ya njaa.

Neno kwa wazazi. Mwanao akirudi nyumbani amekatwa, usimwambie usiku huo huo achague kati ya mpira na maisha. Mwache alale. Baada ya siku chache mkae, mumuulize mambo matatu: nani alimwona akicheza, walisema amepungukiwa nini, na kuna timu gani inayoweza kumpanga Jumamosi ijayo. La pili ndilo ninalolitaka zaidi mnapomleta kwangu. Kama walisema "mzito kugeuka", tuna mazoezi ya hilo. Kama walisema "haongei uwanjani", hilo nalo linafundishika, tena kwa haraka kuliko watu wanavyodhani: namsimamisha nyuma ya wenzake, namkataza kugusa mpira kwa nusu saa, kazi yake ni kuwapanga kwa sauti tu. Kama hakuna aliyesema chochote, rudini mkaulize. Makocha wengi wakiulizwa kwa heshima hujibu.