Jibu: Fidia kwa aliyeumia kazini bila mkataba wa maandishi

Ndugu, umeuliza kama mdogo wako, aliyekatwa vidole na mashine kiwandani bila kuwa na mkataba wa maandishi, anaweza kudai fidia. Anaweza, kwa sababu Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Tanzania Bara inamtambua hata mwenye mkataba wa mdomo. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ndani ya siku 7 tangu apate habari za ajali; akikaa kimya, mdogo wako asimsubiri, bali aende mwenyewe ofisi ya Mfuko akiwa na taarifa za hospitali na majina ya mashahidi, kwani madai huwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Nakusihi sana, asisaini karatasi yoyote ya kupokea pesa za pole kabla ya kuwasilisha madai hayo.