Mark II GX100 kupiga teke ikibadili gia: angalia kebo kabla ya kununua giaboksi

Mkuu, umesema GX100 yako ya injini ya 1G-FE, ile otomatiki ya gia nne, inapiga teke (inashtuka kwa nguvu) ikitoka namba moja kwenda mbili, na fundi ameshakutajia bei ya giaboksi ya mtumba. Hela hiyo iache kwanza mfukoni. Giaboksi iliyochoka klachi huteleza: resi inapanda, gari haiendi. Yako inashika, tena inashika kwa nguvu kupita kiasi. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni presha ya oili.

(Ingekuwa teke linatokea umesimama tu, ukitoa N kuweka D, ningekwambia uangalie sailensa (resi ya injini gari ikiwa imesimama) iliyo juu, mauntini za injini na giaboksi, na krosi za propela.)

Pima oili ikiwa ya moto. Endesha kama dakika 20, simama pa tambarare, injini ikiwaka pitisha lever polepole hadi L na uirudishe P, ndipo uchomoe dipstiki. Isome upande wa HOT. Ikizidi nayo ni shida, maana inatoa povu.

Sasa kebo. Kuna kebo inayotoka kwenye throto (mlango wa hewa ya injini unaofunguliwa na pedali ya mafuta) kushuka giaboksi, mafundi huiita kebo ya kikdauni. Kwenye giaboksi hii muda wa kubadili gia unaamuliwa na kompyuta. Kebo kazi yake ni presha. Ndiyo maana gia inaweza kuingia kwa wakati wake kabisa, lakini kwa teke. Zima injini, mtu akanyage mafuta mpaka mwisho. Wewe tazama pale kebo inapotokea kwenye mpira wake: kuna kishikizo kidogo cha chuma kilichobanwa kwenye waya. Kati yake na ncha ya mpira pawe na milimita 0 hadi 1. Kebo ikivutwa kupita hapo, presha inakuwa juu muda wote. Rekebisha kwa zile nati mbili.

Ila usiilegeze kupita kipimo ili tu gari iwe laini. Wapo wanaofanya hivyo, na mteja anaondoka anashukuru. Presha inashuka, klachi zinateleza kidogo kidogo, baadaye zinaungua.

Kebo ikiwa sawa, soma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. Fungua boneti, tafuta kiboksi cha DIAGNOSTIC, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, switchi ON bila kuwasha injini, kitufe cha O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa) kiwe kimewashwa. Hesabu mimweko ya taa ya O/D OFF. Ikimweka mfululizo, hakuna kodi. 62 na 63 ni solenoidi (valvu za umeme) za kubadilishia gia, 64 ni ya lokapu (kufunga toki konveta, kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), 42 na 61 ni sensa za spidi. Taa ya injini ikitoa 41, hiyo ni sensa ya throto.

Oili ni Dexron II au III, siyo ya CVT. Ukifungua nati ya sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi) inatoka sehemu tu, nyingine inabaki kwenye toki konveta; pima iliyotoka, rudisha kiasi hichohicho, rudia baada ya siku chache. Ukishusha sampo, angalia sumaku. Tope laini la kijivu ni kawaida. Vipande vya chuma ni beringi, gia au pleti. Vya shaba visivyonasa ni bushi. Ukikuta hivyo, au oili nyeusi inayonuka kuungua, hapo ndipo bei ya fundi wako izungumzwe.