Gia ya tano kwenye Landrova 109: fundi anajibu

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Landrova 109 Series III ya dizeli, injini ni ileile ya 2.25 iliyotoka nayo kiwandani. Nimerithi kwa marehemu baba. Inabeba vitunguu kutoka Mang'ola hadi Karatu, na mara mojamoja inashuka Arusha. Gia ya pili inaruka kwenye mteremko mpaka niishikilie liva kwa mkono. Halafu kwenye lami, nikifika 80, injini inalia kama inataka kupasuka. Fundi wa hapa anasema tuweke giaboksi ya gia tano ya Defender, Landrova mpya zaidi, pamoja na transfa yake (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma), akate sakafu na kuhamisha liva zote. Nimeshatenga mbuzi wa kuuza. Niendelee?
*Msomaji, Karatu*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mbuzi wasitoke zizini kwanza. Chukua kalamu tupige hesabu, maana hii ndiyo hesabu ambayo mafundi wengi hawaipigi, na anayeilipia ni mwenye gari.

Kwenye Landrova yako gia ya nne ni moja kwa moja, yaani 1. Transfa ikiwa kwenye hai, yaani mwendo wa juu, inapunguza mwendo kwa 1.15, na difu, zile gia za ekseli, inapunguza tena kwa 4.7. Zidisha, unapata 5.4. Tairi likizunguka mara moja, injini imezunguka mara 5.4. Kwa tairi za 7.50-16, mwendo wa 80 ni mizunguko kama 2,900 kwa dakika. Dizeli hiyo inafikia nguvu yake ya juu, farasi 62, kwenye 4,000, kwa hiyo haipasuki. Lakini kelele unayoisikia ni ya kweli, na kutoka Karatu mpaka Arusha inachosha injini na dereva.

Sasa tuangalie anachokishauri fundi wako. Giaboksi ya LT77, ile ya gia tano iliyoingia mwaka 1983 kwenye Landrova 110, ambayo baadaye ndiyo ikaitwa Defender, gia yake ya tano ni 0.77 au 0.83, inategemea toleo. Transfa ya Defender, LT230, kwenye hai ni 1.41. Difu zako zinabaki 4.7. Zidisha 0.77 kwa 1.41 kwa 4.7: unapata 5.1. Ukiangukia ile ya 0.83, unapata 5.5! Yaani umekata sakafu, umesogeza krosimemba ya chasi, umefupisha propela ya nyuma na kurefusha ya mbele, na bado kwenye gia ya tano injini inalia karibu vilevile au kuzidi. Defender inatulia barabarani kwa sababu difu zake ni 3.54. Gia ya tano peke yake haifanyi kazi hiyo. Kama transfa ingetoka kwenye Discovery, ambayo ni 1.22, hesabu ingeshuka hadi 4.4 na mizunguko ingekuwa 2,400. Muulize fundi wako transfa aliyonayo imetoka gari gani. Akishindwa kukujibu, usimpe gari.

Kuna jambo lingine, na hili linaniuma kwa sababu gari nyingi nzuri zimeharibiwa nalo. LT230 inaendesha magurudumu yote manne muda wote. Ekseli ya mbele ya Series haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Pale gurudumu linapokunjia kona, kuna krosi ya kawaida, na krosi moja ikikunjwa haizungushi sawasawa: inaharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko. Ukienda moja kwa moja huoni kitu. Ukikata kona kwenye lami, usukani unatetemeka mikononi na krosi zinaliwa. Kiwanda chenyewe kilijua. Kilipotoa 109 ya V8 mwaka 1979, yenye kuendesha magurudumu manne muda wote, kiliweka mbele jointi za CV, zinazozungusha sawasawa hata zikikunjwa. Wapo wanaokwepa kwa kufunga habu za kufungua kwa mkono, zinazoachanisha magurudumu ya mbele na ekseli, na kuacha difu ya kati ya transfa imelokiwa, gari ikawa inasukumwa na nyuma tu. Inafanya kazi. Ila siku atakayeendesha ni kijana wako, akafungua loki ya kati hali habu ziko huru, propela ya mbele itazunguka bure na gari halitaondoka hapo.

Najua utaniuliza: basi nibadilishe difu tu, niweke 3.54? Kwa injini hiyo na mzigo wa vitunguu, mimi sikubali. Mizunguko itashuka hadi 2,200, ndiyo, lakini kila gia inakuwa ndefu kwa theluthi nzima. Ile kupanda kutoka Mang'ola unakopanda kwa gia ya tatu, utapanda kwa ya pili, na kuondoka kilimani na mzigo utakula klachi. Tena 109 yako nyuma ina ekseli ya Salisbury, ambayo difu yake haitoki kwa kufungua nati na kuchomoa kama ya mbele; kuiseti upya ni kazi ya fundi mwenye vipimo. Na asikudanganye mtu ukaanza na moja: mbele 3.54 na nyuma 4.7, siku utakapoweka fowili (magurudumu yote manne) utavunja transfa. Siku ukiweka injini ya 200Tdi, dizeli ya tabo, yenye msukumo wa Nm 265 badala ya 140 ulizonazo, turudi kwenye mazungumzo ya 3.54. Siku hiyo tutaanza na breki kabla hatujagusa difu.

Kwa gari lako ninachopendekeza ni ovadraivu, yaani gia ya ziada ya kushusha mizunguko ya injini, ile ya Fairey iliyotengenezwa kwa ajili ya Series. Inafungwa nyuma ya transfa, pale penye kifuniko cha PTO, mahali pa kuchukulia nguvu ya kuendeshea mashine nyingine. Hukati chochote zaidi ya tundu la liva yake ndogo, na siku ukitaka kuitoa unarudisha kifuniko. Zidisha hesabu yako kwa 0.78: 5.4 inakuwa 4.2, na 80 unaiendesha kwa mizunguko 2,300. Ukiizima, gia zako zote za mlimani ziko palepale. Ukinunua iliyotumika, nunua kamili, na liva yake na fimbo zake, maana vipande ndivyo vinavyosumbua kupatikana. Izungushe kwa mkono, sikiliza beringi. Kabla ya kufunga, kagua meno ya mwisho wa shafti kuu ya giaboksi. Yakiwa yamelika, ovadraivu mpya nayo itayafuata. Ina oili yake peke yake, haichangii na transfa, na ni kidogo sana. Kila wiki fungua uangalie. Ovadraivu nyingi nilizoletewa zimekufa zilikufa kwa ukavu. Usiitumie kupanda na mzigo. Iwashe ukishafika lami tambarare.

Gia ya pili inayoruka ndiyo ya kuanza nayo, na huenda ikawa rahisi kuliko unavyodhani. Ukiachia mafuta mteremkoni, magurudumu ndiyo yanayosukuma injini, na chochote kilicholegea kinaonekana hapo. Anza na mauntingi, mipira inayobeba giaboksi: mpira ukikatika, giaboksi nzima inacheza na kuichomoa gia. Kisha springi. Ndani kuna shafti tatu za kuchagulia gia, kila moja ina kigololi na springi vinavyoishikilia isirudi. Springi zikichoka, gia inatoka. Zinabadilishwa bila kushusha giaboksi, na bei yake haifiki hata mguu wa mbuzi. Ikiendelea kuruka baada ya hapo, bushi ya gia ya pili au habu ya sinkro imekwisha, na giaboksi lazima ifunguliwe. Na kuanzia leo acha kushikilia liva. Mkono wako unaisaga foki, ile inayosukuma gia ndani, nayo ikilika utakuwa umejiongezea gharama.

SWALI: Habari ya kazi, mzee. Landrova yangu ya Series III, liva yenye kichwa cha njano nikiibonyeza fowili inaingia, lakini haitoki nikiivuta. Nimejaribu hata kuigonga.
*Msomaji, Maralal*

JIBU: Njema, ndugu yangu. Usiigonge tena, haivutwi. Simamisha gari kabisa. Vuta liva nyekundu nyuma hadi lo, mwendo wa chini, kisha irudishe mbele hadi hai. Ya njano itajiinua yenyewe. Ikikataa, ni kwa sababu umeendesha fowili mahali pakavu na mbele na nyuma zimejikaza. Rudi rivasi mita chache ukiwa umenyoosha usukani, halafu rudia. Ikiwa bado ni ngumu kila mara, pima tairi zote nne. Mbili mpya mbele na mbili zilizolika nyuma zinatosha kuikaza transfa hata kwenye mchanga wa huko kwenu.