Shangazi, niuze kiwanja nikasome masta?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 31, nafundisha sekondari hapa Kigoma, sijaolewa. Nataka kuhamia Kanada. Wakala mmoja kaniambia digrii moja haitoshi, lazima niwe na masta, na anacho chuo cha mtandaoni cha bei nafuu: milioni sita, miaka miwili. Nikimaliza atanitafutia barua ya ajira ya kuniongezea alama. Hela sina, ila marehemu baba alituachia kiwanja Gungu. Mama hajui lolote. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS nilifanya mwaka jana nikapata 6 kila sehemu. Nifanyeje? – Mwalimu wa Mwanga*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu umeleta jambo la hesabu ukadhani ni la ujasiri.

Kwenye ule mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji kwa alama, Express Entry, mtu asiye na mwenzi akiwa na digrii moja hupewa alama 120 za elimu. Mwenye masta hupewa 135. Umeongeza 15. Sasa njoo kwenye umri: miaka 31 ina alama 99, miaka 33 ina 88. Hiyo miaka miwili ya masomo imekunyang'anya 11. Baki nne, na kiwanja hakipo.

Wakala atasema Shangazi kaficha. Sijaficha. Masta ikikutana na Kiingereza cha juu huleta nyongeza nyingine, 25 zaidi ya ile ya digrii. Kwa 6 zako, nyongeza hiyo ni 12. Haya, zifanye 16. Milioni sita.

Tazama lugha sasa. Kwa 6 kila sehemu una alama 68. Ukifikisha 7 kwenye kusoma, kuandika na kuzungumza, na 8 kwenye kusikiliza, zinakuwa 124. Hizo ni 56 zaidi, na hapo sijagusa nyongeza ambazo digrii yako hiyohiyo itazipata kwa sababu ya Kiingereza kizuri. Tena matokeo ya IELTS yanadumu miaka miwili tu, kwa hiyo ukimaliza hiyo masta ungelazimika kuurudia mtihani vilevile.

Niliishi na binti wa dada yangu alipokuwa anajiandaa. Kila usiku insha moja, dakika 40, saa ya ukutani mbele yake, asubuhi anampelekea mwalimu mwenzake aichane kwa wino mwekundu. Kiingereza alikuwa nacho. Kilichomwangusha mara ya kwanza ni utangulizi mrefu kama hotuba ya mgeni rasmi, muda unaisha hoja ya pili hajaigusa. Alihangaika miezi mitano mpaka akajua kukata maneno. Wewe ni mwalimu, wino mwekundu hauuogopi.

Halafu, mwanangu, uko Kigoma! Shuka Kibirizi boti zikiingia, usikie Wakongo na Warundi wanavyochanganya Kifaransa katikati ya bei za mawese. Kanada inatoa hadi alama 50 za ziada kwa anayekijua vizuri pamoja na Kiingereza, na tangu 2023 ina awamu maalumu za kuwaita wenye Kifaransa, ambazo mara nyingi alama zake huwa chini kuliko awamu za kawaida. Kifaransa cha kupatana bei hakitoshi, watakupima kusoma na kuandika pia, na si kazi ya miezi mitatu. Lakini mwalimu wa kukufundisha jioni hapo mjini hukosi, na hatakuomba milioni sita.

Kuhusu wakala wako nitasema machache. Alama za barua ya ajira zilifutwa tarehe 25 Machi 2025. Ama hajui, ama anajua. Mimi nisingempa hata nauli ya bodaboda. Hicho chuo chake muulize jina, kisha waulize TCU, tume yetu ya vyuo vikuu, kama wanakitambua, maana na Kanada nao watataka vyeti vyako vifanyiwe tathmini kwanza. Na kumbuka kufundisha kule kunahitaji leseni ya jimbo utakalofikia, masta haikuvushi hapo.

Kama unaitaka masta kwa ajili ya kazi yako ya hapa, sawa kabisa. Chuo Kikuu Huria wana kituo mkoani, unasoma huku mshahara unaingia. Ujerumani nako vyuo vingi vya umma havitozi ada, ila watataka waone euro 11,904 za kujikimu mwaka mmoja kwenye akaunti.

Kimebaki kiwanja. Umeandika baba "alituachia", hukuandika "aliniachia". Nyie ni wangapi? Mirathi imefunguliwa? Siku ukiitwa kweli, Kanada watataka uonyeshe zaidi ya dola 15,000 za kwao, na hawakubali za kukopa. Siku hiyo huenda familia yenyewe ikakaa na kusema kiuzwe. Ukikiuza leo kimyakimya, utakwenda kwa nani?

Jumamosi hii mama akikaa kuchambua dagaa, vuta kigoda ukae naye, uchambue. Usianze na Kanada. Mwambie kwanza ulitaka kuuza kiwanja, halafu umsubiri.